Pazia la macho

Siku ya gulio Likunja, waendesha bodaboda hujipanga chini ya mwembe wakisubiri abiria. Mwalimu wa shule ya msingi anakuja akiwa amevaa sketi ya kitambaa, iliyoshonwa kwa ajili ya kusimama mbele ya ubao na si kwa kupandia pikipiki. Anafungua mkoba, anatoa khanga iliyokunjwa mara nne, anaizungusha kiunoni juu ya sketi, anakamata ncha zake kwa mkono wa kushoto, ndipo anapandisha mguu. Shughuli hiyo haifiki nusu dakika. Muda wote huo dereva ameinamia kifuniko cha tangi la mafuta, anakikagua. Madereva wenzake wameanza ghafla kubishana habari za timu ya Namungo na mechi iliyopita. Mzee muuza ugoro anapanga upya vifurushi vyake ambavyo vilikuwa vimepangika. Mwalimu akishakaa, akaichomeka khanga chini ya mapaja, anasema, "Haya kaka, twende." Shingo zote zinarudi mahali pake.

Hapo hakuna aliyeambiwa ageuke, wala mwalimu hakulazimika kuomba. Ukiwauliza wale vijana kwa nini waligeuka watakushangaa, maana wao hawaoni kama wamefanya jambo.

Tuna msemo wa zamani kwamba macho hayana pazia. Mara nyingi huutumia mtu aliyebambwa akikodolea macho kisichomhusu, ili ajitoe lawamani. Naamini watu wa wilaya hizi mbili za Ruangwa na Nachingwea, Wamwera na Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo walioishi na kuoana humu, wamekuwa na pazia hilo miaka mingi, na wameligawana: upande mmoja anaushika anayevaa, upande wa pili anaushika anayetazama. Mjadala wetu wa mavazi siku hizi umebaki na upande mmoja tu. Tunapima sketi imefika wapi, suruali inabana kiasi gani, dera ni jepesi au zito. Wajibu wa mwenye macho tumeuacha, na ndio ninaotaka kuuzungumzia leo.

Khanga ya mkobani

Mwanamke wa huku akitoka nyumbani bila khanga ya akiba, ujue ametoka kwa haraka. Khanga hiyo ni ya pikipiki, ya mvua, ya mtoto atakayelala njiani, na ya msiba usiotarajiwa. Ukisikia kilio nyumba ya jirani huwezi kurudi kwako kubadili nguo. Unajifunga khanga kiunoni, nyingine kichwani, unaingia. Asiyekuwa nayo huazimwa mlangoni kabla hajaketi mkekani. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini katika misiba ya kwetu husitiri sana, na anayeiazima hufanya hivyo bila neno. Anampitishia mwenzake kwa chini, kama vile anampa kitu chake alichokuwa amekisahau.

Bafu la uani halina mlango. Ni uzio wa matete au makuti, wenye kona moja ya kuingilia, na juu ya uzio huo mtu hutupia khanga yake au shati. Ukiiona nguo pale, mna mtu ndani, na hupiti karibu. Na ukipita kwa dharura husalimii. Mtu aliye bafuni hasalimiwi hata kama sauti yake umeisikia akiimba, kwa kuwa ukimsalimia umemwambia kwamba unamjua yuko vipi wakati huo. Mwanamume anayeteremka njia ya mtoni au kisimani hukohoa kabla hajafika kwenye kona, au hupiga hodi kwa sauti ya juu na kusubiri. Hodi ya mtoni haina mlango wa kugongwa, na jibu lake laweza kuchukua muda. Unasimama tu na ndoo yako.

Mama anayenyonyesha ana hukumu yake. Atamtoa mtoto mgongoni mbele ya mkwewe, mbele ya shehe au padri, mbele ya diwani aliyekuja kuhutubia, atamnyonyesha na mkutano utaendelea. Titi linalonyonyesha halihesabiwi. Lakini mama huyo huyo akikaa kwenye kibao cha mbuzi kukuna nazi na khanga yake isishuke vizuri katikati ya magoti, atasikia kutoka kwa yeyote mkubwa wake, "We, kaa vizuri." Paja ndilo lenye heshima kubwa huku kusini. Msichana hufundishwa kukaa kabla hajafundishwa kupika: miguu inyooke pamoja, au ikunjwe upande mmoja, na khanga iingizwe kati ya mapaja kabla makalio hayajafika chini. Hata wanawake wanaobangua korosho, waliokaa chini tangu asubuhi mikono ikiwa imeliwa na mafuta ya maganda, utaona kila baada ya muda mkono mmoja unaacha kazi na kushusha pindo.

Wanaume nao wana yao, ingawa husemwa kidogo. Kijana anayepalilia mikorosho tumbo wazi hana kosa. Akipita mama mkwe wake njiani, atavaa shati hata kama limelowa jasho, na asipokuwa nalo ataingia porini mpaka mama apite. Mzee aliyejifunga msuli barazani hukaa ameubana. Msuli ni nguo ya raha, ila una tabia ya kufunguka mtu anaposimama ghafla kumpokea mgeni, na wageni wenye adabu wa huku hawampi mkono mzee anayesimama mpaka wamwone amekwisha kukaza fundo.

Nani amwambie?

Kugeuza uso ni rahisi kuliko kusema. Zipu ya suruali ya mwenyekiti wa kijiji iko wazi naye yuko mbele ya wananchi wake. Gauni la mwalimu limefunguka mgongoni. Dera la bibi harusi mtarajiwa ni jepesi, jua liko nyuma yake, na hakuvaa gagulo. Mtu mmoja lazima aseme, na kama si yule anayestahili kusema, aibu inakuwa kubwa mara mbili.

Mwanamke humwambia mwanamke. Hiyo haina mjadala. Na namna ya kumwambia imekaa kimkono zaidi kuliko kimdomo: anasogea nyuma yake kana kwamba anamwondolea uzi, anapandisha zipu, anampiga kidogo begani, anaondoka. Ikiwa ni shimizi linachungulia chini ya gauni, atamvuta pembeni, "Dada, njoo nikuulize," na swali halipo. Kama mwenye tatizo ni mtu mzima kuliko yeye, hutafuta wa rika lake. Binti hamwambii mama mkwe wake kwamba khanga imefunguka. Atamtuma mtoto mdogo ampelekee khanga nyingine: "Mpelekee bibi, mwambie jua kali." Bibi ataelewa.

Mwanamume akiona kwa mwanamke, njia yake ni ndefu. Hawezi kumwambia mwenyewe, kwa sababu akisema amekiri kwamba aliangalia, na aliangalia kwa muda wa kutosha hata akajua. Atamtafuta mwanamke mwingine aliye karibu: muuza maandazi, mke wa rafiki, hata mpita njia. "Mama, samahani, hebu mwangalie yule dada." Basi. Hatataja zipu, hatataja kitu chochote, wala hatabaki pale kuona kama ujumbe umefika. Konda wa basi la kwenda Masasi naye ana njia yake: humwambia abiria mwanamke aliyekaa kiti cha nyuma, kisha anapanda kupanga mizigo juu.

Kwa mwanamume mwenzake hali ni nyepesi. "Mzee, duka liko wazi," linasemwa kwa sauti ya chini, na mhusika anageukia ukutani. Na kama yupo mtani, mambo yanakwisha haraka zaidi. Mtani anaruhusiwa kulisema mbele za watu, kulikuza, kudai alipwe jogoo kwa kuliona, na watu wakacheka mpaka mwenye zipu mwenyewe akacheka. Utani huponya aibu kwa kuitangaza, jambo ambalo mtu mwingine yeyote akilifanya ni tusi. Mgeni aliyehamia kikazi huona watu wakitaniana hivyo akadhani kila mtu ana ruhusa. Hana. Akijaribu, atagundua ukimya wa watu wa Ruangwa ukoje.

Shemeji ana nafasi yake, bibi ana yake. Bibi ndiye mwenye uhuru kuliko wote. Anaweza kumwambia mjukuu wake wa kike mbele ya wageni kwamba sketi hiyo imeshonwa na fundi aliyeishiwa kitambaa, na anaweza kumwambia mjukuu wa kiume, aliyeteremsha suruali mpaka nguo ya ndani inasomeka chapa yake, kwamba alimwogesha juzi tu na hakuna jipya la kuonyesha. Mlegezo, au kata kei kama wengine wanavyoita, umesemwa na wachungaji, mashehe na walimu wa nidhamu kwa miaka mingi. Nimeuona ukipandishwa haraka zaidi na bibi mmoja kuliko na mahubiri.

Nguo ilipokuwa haba

Wanaosema zamani watu walijisitiri, sasa wamepotoka, hawajawahi kukaa na wazee wa huku wakasikia nguo ilipatikanaje. Katika karne ya 19 kitambaa kilipanda kutoka Kilwa na Lindi mabegani mwa wapagazi: merikani nyeupe iliyoletwa pwani na meli za Marekani, na kaniki, pamba iliyotiwa nili mpaka ikawa nyeusi. Kaniki ndiyo ilikuwa nguo ya mtumwa na ya mkulima maskini. Mtu alikuwa na kipande kimoja, cha shamba na cha mkutano, na kikilowa alisubiri kikauke.

Mwaka 1906, moto wa Majimaji ukiwa haujazimika sawasawa, Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alipita nyanda hizi za kusini akiwa na kamera na mashine ya kurekodi sauti. Aliandika juu ya Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde, na kitabu chake kikatoka Ujerumani mwaka 1908 kikiwa na picha za wanawake wenye ndonya mdomoni na chale mwilini. Pembeni ya nyumba zao, mbele ya watu wao, wanawake hao walikuwa wamevaa kama wenzao wote. Chale zilikuwa pambo, na ndonya ilikuwa heshima. Kilichobadilika ni mahali pa kutazamia. Picha ilipofika kwenye meza ya msomaji asiyewajua, asiyewajibika kwao kwa salamu wala kwa undugu, miili ile ile ikageuka maonyesho. Kila ninapofikiria mavazi na heshima, hurudi kwenye safari hiyo ya picha kutoka kusini hadi Leipzig, kwa sababu bado tunaisafiri.

Waingereza walipoanzisha mpango wa karanga mwaka 1947 na kuichagua Nachingwea kuwa mojawapo ya vituo vyake, pamoja na Kongwa na Urambo, fedha taslimu iliingia mifukoni mwa vibarua, na maduka ya nguo yakafuata. Mpango ulikufa mapema miaka ya 1950. Reli ya kutoka Mtwara iling'olewa, na leo kata ya Stesheni pale Nachingwea ina jina bila treni. Suruali na magauni yalibaki. Kisha ukaja uhaba mwingine, wa baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi ilipoishiwa fedha za kigeni. Khanga ilipatikana kwa orodha, na siku duka la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, lilipopokea mzigo, foleni ilianza alfajiri. Watu wa rika la mama yangu wanakumbuka ndugu wawili waliotumia khanga moja nzuri kwa zamu: mmoja akienda harusini, mwingine anabaki nyumbani. Wanakumbuka pia kwamba hakuna aliyemcheka aliyetoka na kiraka, wala aliyevaa gauni lililomwisha kimo. Walijua ni nguo aliyonayo. Mitumba ilipoanza kumiminika baada ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, msamiati wa mwili ulibadilika kabisa: taiti, kitopu, jinzi, kimini, nguo zilizokatwa kwa ajili ya miili ya watu wa hali ya hewa nyingine na kuuzwa kwa mafungu juu ya turubai. Msimu wa korosho, minada ya Runali, chama chetu kikuu cha ushirika, ikishalipa, turubai hizo hujaa Ruangwa na Nachingwea. Msichana hachagui urefu wa sketi pale. Anachagua inayomtosha kiunoni kwa hela aliyonayo.

Suruali za Nachingwea

Kuna kisa cha wilaya hii ambacho kingepaswa kuwa katika kila mazungumzo ya mavazi ya Tanzania, na sikisikii.

Mwaka 1967, katika kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO ya Nachingwea, wasichana 25 wa Msumbiji walianza mafunzo ya kijeshi. Mmoja wao alikuwa Josina Muthemba, ambaye baadaye aliolewa na Samora Machel na kufariki Aprili 7, 1971 akiwa bado kijana. Kikosi cha wanawake kilichotokana na wasichana hao kilibeba silaha, kilivuka Ruvuma, kilihamasisha vijiji. Kilivaa sare, na sare hiyo ilikuwa suruali. Katika nchi ya Wamwera, mahali ambapo paja na umbo la mguu vina ulinzi wote niliousimulia, wanawake vijana walitembea kwa gwaride wakiwa na suruali, na wenyeji waliwapokea kama wapigania uhuru.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza jijini Dar es Salaam Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1, 1969, minisketi, mawigi, krimu za kung'arisha ngozi, suruali za kubana na kaptura fupi vingepigwa marufuku kwa ajili ya kulinda utamaduni wa taifa. Lakini makundi ya vijana hayakusubiri tarehe. Mara tu baada ya tangazo yalianza kuwashambulia wanawake mitaani na kwenye vituo vya mabasi, kuwapigia makelele na kuwachania nguo, hata polisi wa kutuliza ghasia wakaitwa. Magazeti ya siku hizo yalijaa barua za wasomaji, wengine wakiunga mkono, wengine wakiuliza utamaduni gani unaolindwa kwa kumvua mwanamke nguo hadharani.

Swali hilo la barua za 1968 ndilo lililo moyoni mwangu. Mtu anayesema amekerwa na nguo fupi, kisha anaichana ili mwili uonekane zaidi, hajalinda stara ya mtu yeyote. Huku kwetu ukiona aliyefunukwa unageuza uso, au unampa khanga. Hizo njia mbili ndizo zilizopo. Ya tatu, ya kumzunguka na kumzomea, si ya wazee wetu, na wanaoifanya kwa jina la mila waambiwe hivyo waziwazi.

Tumeiona ya tatu hiyo ikirudi kila kizazi. Novemba 2014 mjini Nairobi wanaume walimvua nguo mwanamke kwenye kituo cha matatu wakidai amevaa vibaya, na video ikasambaa. Wanawake waliandamana Novemba 17 wakisema nguo ni yangu, hiari ni yangu. Mwezi uliofuata Kenya ilibadili sheria yake ya adhabu: kumvua mtu nguo kwa nguvu sasa ni kosa la kifungo kisichopungua miaka 10. Uganda, mwaka huo huo, ilianza kutumia sheria dhidi ya ponografia ambayo wananchi waliielewa kuwa sheria ya minisketi. Magenge yakaanza kuwavamia wanawake kwa kisingizio chake, na Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikabatilisha vifungu vyake vikuu.

Sisi tulikuwa na ya kwetu Dodoma, isiyo na ukatili huo lakini yenye mzizi unaokaribiana nao. Watu wa Ruangwa walifuatilia Bunge kwa karibu miaka hiyo, kwa kuwa mbunge wao, Kassim Majaliwa, alikuwa Waziri Mkuu. Juni 1, 2021 mbunge wa Nyang'hwale, Hussein Amar, alisimama kulalamikia mavazi ya mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, aliyekuwa amevaa suruali nyeusi na blauzi ya njano. Spika Job Ndugai akamtaka atoke nje akavae vizuri. Kanuni za Bunge zipo, na chombo chochote kina haki ya kuwa na kanuni zake. Kinachonisumbua ni namna ilivyofanyika. Mwanamke alitajwa mwili wake mbele ya kamera za taifa zima, na mwanamume aliyekuwa ameutazama akasimama kutoa taarifa. Kama alikuwa na hoja, kulikuwa na wabunge wanawake ukumbini, kulikuwa na makatibu wa Bunge, kulikuwa na karatasi ya kupitisha chini kwa chini. Kijana wa bodaboda wa Likunja angejua la kufanya.

Kwenye geti la ofisi

Ofisi za umma zina mwongozo wake. Waraka wa utumishi wa umma wa mwaka 2007 uliweka mavazi yanayofaa na yasiyofaa kwa watumishi, na mabango yenye picha za nguo zilizokatazwa yamebandikwa kwenye kuta za ofisi nyingi nchini. Mtumishi analipwa na ofisi ina haki ya kumpangia. Tabu ni kwamba bango lililotengenezwa kwa ajili ya mtumishi limegeuka sheria ya anayehudumiwa. Mama aliyetoka shambani akiwa na khanga moja kifuani na fulana iliyochanika bega, amepanda gari la mizigo ili awahi kufuatilia cheti cha mtoto, husimamishwa getini na kijana mwenye umri wa mwanawe anayemkagua kuanzia juu hadi chini. Huko kukaguliwa tu kunamvua zaidi ya nguo yake.

Getini panahitaji kitu kidogo: mlinzi wa kike wa kuzungumza na wanawake, pembeni, kwa sauti ya chini, na doti mbili za khanga safi za kuazima. Misikiti na makanisa mengi ya mwambao humpa mgeni kitambaa mlangoni bila kumfokea. Ofisi inaweza. Na kama aliyefika ni mgonjwa, au mama mwenye uchungu, bango lisimame ukutani lisiwahusu. Mficha uchi hazai, wakunga wetu husema, na wao ndio wanaojua kutazama mwili wa mtu kwa ajili ya mtu huyo na kuusahau wakishatoka chumbani.

Simu

Ngoma za unyago zina miondoko ambayo nje ya ua ingeitwa aibu. Ndani ya ua, wanawake wakiwa peke yao, kungwi na somo wakifundisha, ni elimu: msichana anajua mwili wake, usafi wake, namna ya kukaa, namna ya kubisha chumbani kwa wakubwa. Uzio wa khanga unaozungushwa siku hiyo una kazi ile ile ya uzio wa bafu. Siku ya kutoka, mwali huvishwa nguo mpya na kubebwa juu mabegani, na hapo kila mtu anaruhusiwa kumwona na kumtunza.

Simu imekata uzio huo. Kipande cha sekunde chache kinachukuliwa ndani, kinarushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kutoka hapo kinaingia kwenye kundi la vijana wa kijiweni, na kabla ya magharibi kiko Mbagala kikichekwa na watu wasiojua jina la bibi anayecheza. Ni safari ile ile ya kwenda Leipzig, ila sasa inaanzishwa na mpwa wa bibi mwenyewe. Vivyo hivyo kwa dada aliyeteleza kwenye matope gauni likapanda, na kwa mlevi aliyelala chini ya mkorosho msuli umefunguka. Zamani walioona walikuwa watu sita, na watano walimsitiri. Sasa mmoja akitoa simu, hao watano hawana tena uwezo wa kugeuza uso kwa niaba ya maelfu.

Katiba yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Tuna sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015 na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. Ni vizuri zipo. Lakini bibi wa Likunja hatapanda gari kwenda kushtaki kwa sababu ya video, na hata akishinda, video imekwisha kutazamwa.

Wanawake wamelifanyia kazi jambo hili kabla ya sheria. Katika singo na sherehe za kumfunda bibi harusi, siku hizi utamkuta mama mmoja mlangoni na kapu, na kila anayeingia anaweka simu yake humo, awe mwalimu, mke wa kiongozi au shangazi wa mwali. Anayekataa anabaki nje. Nimewauliza wanaume wenzangu kama kuna mahali popote sisi tumeweka kapu la namna hiyo, nao wakanitajia jandoni, ambako simu hazipigi picha kwa sababu ni mwiko. Ni kweli. Ila mvulana akitoka huko anarudishiwa simu yake pamoja na nguo mpya, na mzee aliyemfundisha kukohoa kabla ya kona ya mto hakumwambia lolote kuhusu kitu hicho alichokishika mkononi. Majando yajayo, likizo ya Desemba, ningependa wazee wa Likunja na Naipanga, wa Mnacho na Mbekenyera, waiweke simu katika mafundisho yao, pamoja na mto, bafu na mama mkwe.